Mwaka Nilioacha Nyama Yangu Mwenyewe

Mimi nimefika mahali ambapo hakuna kitu kinaweza kunishtua. Nimepasua tumbo la fahali nikakuta humo msumari, kipande cha waya na kifuniko cha soda, na fahali mwenyewe alikuwa amenona kama kawaida. Nimeona mtu akizimia mezani akiwa ameshika mfupa wa goti, akaamka, akauliza mfupa wake uko wapi. Niliacha shule darasa la tano, na leo watu waliosoma mpaka wakavaa majoho wananilipa kodi ya nyumba pale Kaplong, tena wananichelewesha, wakiniita "Mzee" kwa sauti ya chini. Kwa hiyo simu ilipokuja mwezi uliopita kutoka upande wa ziwa, na sauti ya mwanamke ikaniambia Odhiambo amefariki, sikushtuka. Nilisema, "Haya, mama, poleni sana," nikaiweka simu juu ya mizani, nikaendelea kunoa kisu. Nilinoa mpaka mke wangu, Mama Faith, akatoka nyuma ya kaunta akanishika mkono. "Baba Faith," akasema, "hicho kisu kinakwisha."

Odhiambo alikuwa mchomaji wangu wa nyama. Nilimtoa Sosiot, ambako alikuwa akichoma mahindi kando ya soko baada ya kuchoshwa na kuchuna majani kwenye mashamba makubwa ya chai. Nilimtazama anavyogeuza mahindi, bila haraka, kila upande ukipata zamu yake, nikajua huyu ni mtu wa moto. Watu wananisifu kwa kununua ng'ombe, na ni kweli, nikimwangalia ng'ombe akitembea nakwambia uzito wake na sikosei sana. Lakini jicho langu zuri zaidi ni la watu. Alikaa kwangu miaka mingi, mpaka nywele zikamtoka mbele, halafu akarudi kwao. Ila siandiki maisha yake hapa. Naandika mwaka mmoja tu, ule niliofikisha arobaini na tano, kwa sababu tangu ile simu mwaka huo umeketi kichwani mwangu kama mgeni ambaye hajui kwamba chakula kimekwisha.

Bucha yangu siku hizo ilikuwa vyumba vitatu vilivyofuatana. Mbele ni kaunta na dirisha la kioo, nyama ikining'inia na muhuri wa zambarau wa mkaguzi wa afya. Katikati ni pa kulia, meza ndefu na mabenchi, na sinki la kunawia ambalo bomba lake halikuwahi kufunga vizuri, kwa hiyo mazungumzo yote ya mle ndani yalikuwa na sauti ya maji yakidondoka chini yake. Nyuma, chini ya mabati yaliyokuwa meusi kwa moshi, lilikuwa jiko la Odhiambo, na pembeni ya jiko stoo ya makaa yenye ukuta wa mbao. Mteja alichagua kipande mbele, kikachomwa nyuma, kikaletwa kwenye ubao na kukatwakatwa machoni pake pamoja na kachumbari na ugali. Hayo ni ya kila bucha. Langu lilikuwa moja zaidi: kabla mteja hajagusa, mimi mwenye bucha nilipita mezani, nikachukua kipande cha kwanza, nikakila mbele ya watu. Hilo nililianzisha mwenyewe mwaka niliofungua, wakati watu walikuwa wananong'ona kuhusu nyama ya punda huko kwingine. Wengine waliandika ukutani kwamba nyama yao ni safi. Mimi sikuandika, nilikula. Watu walitoka Bomet mpaka Kaplong kwa sababu ya kile kipande cha kwanza.

Kwa hiyo nilikula kila meza. Asubuhi maini, mchana mbavu, jioni supu ya kichwa, na siku za bonasi ya majani ya chai, wakulima wakija na familia zao zote, nilikula kama mtu anayelipwa kwa kila kipande. Nilikuwa na tumbo la kuheshimika. Usiku kiungulia kilinishika, nikawa nanunua tembe za kupunguza asidi kwenye duka la dawa na kuzimeza kila siku, miaka na miaka, kama peremende. Na kwa ajili ya nyama, maziwa nilikuwa nimeyaacha zamani. Hapa lazima nieleze, maana ndipo yote yalipotokea. Kogo wangu, ndio nyanya yangu, alinifundisha kwamba siku ya nyama si siku ya maziwa. Ukivichanganya tumboni siku moja, ng'ombe aliyekupa maziwa ataugua titi. Mimi ni Mkristo, na mchungaji wetu anakula mbavu na kuteremshia chai ya maziwa bila kutoka jasho, na ng'ombe wake wanakamuliwa vizuri tu. Lakini kitu ulichoambiwa ukiwa mdogo na mtu anayekulisha hakitoki. Na kwa kuwa kila siku yangu ilikuwa ya nyama, siku ya maziwa haikufika. Vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vya Mama Faith vilining'inia ukutani jikoni kwangu, vya watoto na vya wageni, nami nikavipita miaka ishirini nikienda kunywa turungi, chai isiyo na tone la maziwa, nyeusi kama makaa, kikombe baada ya kikombe.

Mwaka huo ulianza na kidole gumba cha mguu. Niliamka kimevimba, chekundu, kinang'aa kama nyanya iliyooshwa, na hata uzito wa shuka ulinitoa machozi. Mwalimu Sigei, mwalimu mstaafu aliyekuwa mteja wangu wa kila siku, alikitazama kwa furaha. "Hiyo ni gauti, Langat," akasema. "Ni ugonjwa wa wafalme. Maskini hawapati." Sitaficha: nilifurahi. Nilikaa na mguu juu ya kreti ya soda karibu na kaunta, na kila aliyeingia nilimweleza ni ugonjwa wa akina nani. Siku iliyofuata nilienda chooni kwa magoti, na ufalme ukaisha.

Kwenye kliniki moja Sotik nilimkuta daktari msichana kutoka Kisii, Daktari Moraa, mwenye raba nyeupe na sauti ya mtu ambaye hajalala. Alinipima presha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini mashine yake.

"Mzee, unakula nyama mara ngapi kwa wiki?"

"Kwa wiki?" Nikacheka. "Daktari, uliza kwa siku."

Hakucheka. "Presha yako iko juu, mafuta yamejaa kwa damu, na hiki kidole ni gauti. Utameza dawa. Na upunguze nyama nyekundu. Maini na supu wachana nazo. Kula mboga, maharagwe, matunda. Sijasema uache kabisa, nimesema upunguze."

"Mimi sijawahi kupunguza kitu, Daktari. Nikifanya, nafanya."

"Punguza tu, mzee."

"Nimeacha," nikamwambia, na nikamshika mkono kama mtu aliyemaliza kuuza ng'ombe.

Na nikaacha. Sijui kama kuna mwenye bucha mwingine katika kaunti hii au ya jirani aliyewahi kufanya hivyo, akisimama katikati ya nyama tangu jogoo mpaka jioni. Mama Faith alianza kunipikia isagek, zile mboga chungu za kwetu, na sucha, ndiyo mnavu, na maharagwe, na ndengu, na malenge, na parachichi la shambani nusu kila mlo. Mboga za kwetu hupikwa zikalala kwenye maziwa ndipo uchungu utoke, lakini zangu nilizikataza maziwa. Wiki ya kwanza nilikuwa nimejaribu. Nilisema sasa nyama imetoka, maziwa yarudi, nikanywa bilauri nzima ya maziwa mabichi yaliyotoka tu kukamuliwa. Tumbo likanguruma kama lori la majani kwenye mteremko, nikashinda uani nikiwa nimeshika suruali. Nikaamua kogo amenikumbusha. Mikono yangu ilikuwa inashika nyama siku nzima, ilinuka nyama hata baada ya sabuni, basi nikajiambia siku yangu bado ni ya nyama hata kama mdomo haujaonja. Nikala mboga yangu chungu na turungi pembeni, nikajisikia mtu mwenye nguvu kuliko wote.

Na miezi ya kwanza ilinipa haki. Kidole kilipoa. Mshipi niliutoboa matundu mapya kwa msumari moto. Daktari Moraa alinipima, akaangalia mashine, akasema, "Vizuri sana, mzee, endelea hivyo," na mimi nikatoka pale nikitembea katikati ya barabara. Nyumbani nikawa mhubiri. Watoto walihubiriwa juu ya maharagwe mpaka wakawa wanakula mapema kabla sijarudi. Nilisimama kanisani kwenye ushuhuda nikamshukuru Mungu kwa sucha, bila kutaja nyama. Nikiangalia nyuma sasa, nachoka kwa niaba ya wale waliokuwa wakinisikiliza.

Tatizo lilikuwa kile kipande cha kwanza. Siwezi kuwa mwenye bucha asiyekula nyama, mahali ambapo watu walikuja kuniona nikila. Nilimwita Odhiambo stoo, tukakaa juu ya magunia ya makaa.

"Odhi, kuanzia leo wewe ndio utaonja."

"Nionje nini, mdosi?"

"Kipande cha kwanza. Kila meza."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa amerithi shamba. "Kila meza? Na siku za bonasi?"

"Hata bonasi."

"Na mshahara?"

"Mshahara unabaki pale pale."

"Omera, ndugu yangu, huyu mtu!" Akacheka mpaka akashika mbao. "Sawa. Tumbo langu, bucha yako. Nitawaambia uko wapi?"

"Waambie nina jino linauma."

Basi nikawa na jino. Odhiambo alipita mezani na ubao, akikata, akichukua kipande cha kwanza kwa vidole viwili kama nilivyokuwa nikifanya mimi, akifumba macho, akisema, "Ah, hii ilikuwa ng'ombe ya mtu mwenye roho nzuri." Watu walimpenda. Alikuwa mkubwa kama mimi wa zamani, shingo ikikaa juu ya kola, na kila nilivyozidi kupungua yeye alizidi kujaa, mpaka Mama Faith akasema tunagawana mtu mmoja. Siku moja ya soko, Daktari Moraa na wenzake waliweka meza karibu na stendi, wanapima presha bure. Nilimwambia Odhiambo aende. Alikuwa anapangusa kisu kwenye aproni. "Mimi nikipimwa nitapatikana, mdosi," akasema. "Wacha nikae hivi bila kujua." Tukacheka wote wawili. Nimekumbuka sana kicheko hicho wiki hizi. Kilikuwa kizuri.

Chakula changu cha mchana nilikula stoo, mlango umefungwa, sahani ya maharagwe juu ya goti na kikombe cha turungi juu ya gunia. Ule ukuta wa mbao ulikuwa na nyufa, na kwa upande wa pili ndipo Mwalimu Sigei alipenda kukaa, karibu na joto la jiko. Siku moja alikuwa na dereva wa lori la maziwa.

"Umewahi kumwona Langat akila siku hizi?" Mwalimu akauliza.

"Ana jino."

"Jino gani la tangu mvua haijaanza? Ng'oa, maisha iendelee."

"Anakonda pia."

"Sasa wewe fikiria. Mtu anakonda ndani ya bucha yake mwenyewe. Kuna kitu anajua kuhusu hiyo nyama."

Dereva akashusha sauti. "Punda?"

"Mimi sijasema punda. Wewe ndio umesema punda."

"Lakini wewe unaendelea kula."

"Naendelea nikiangalia," Mwalimu akasema, na nikamsikia akitafuna.

Nilikuwa na maharagwe mdomoni nikashindwa kuyatafuna, wasije wakanisikia. Mwezi huo nyama ikaanza kulala. Mwenye bucha anajua maana ya hilo neno. Jioni unafunga dirisha na paja zima bado linaning'inia, na asubuhi unalikuta limekutazama. Wateja wa Bomet waliacha kusimama. Nilikuwa nimejenga ile kazi kwa meno yangu, na sasa ilikuwa inaanguka kwa sababu ya meno hayo hayo. Kula tena kulimaanisha kidole, presha, labda kaburi. Kutokula kulimaanisha kurudi nilikotoka, na mimi sirudi nilikotoka.

Na kuna kitu kingine kilikuwa kinaendelea ambacho sikukielewa. Miguu ilikuwa inakufa ganzi. Kwanza nilidhani gambuti, vile viatu vyangu virefu vya mpira, zinanibana, nikanunua saizi kubwa, halafu kubwa zaidi, mpaka zikawa zinapiga kelele nikitembea na bado zilionekana kunibana. Kupanda kutoka shambani mpaka barabarani, njia ambayo niliipanda nikiwa na gunia la majani begani, nikawa napumzika kila nilipokuta kisiki. Ulimi ulikuwa laini na mwekundu, turungi ikawa inauchoma. Nilisahau uzito niliotoka tu kuusoma kwenye mizani. "Unatembea kama mtu anayevuka mto," Mama Faith aliniambia jikoni, akinitazama kutoka mlangoni. Nikamwambia ni uzee, na nikamwambia aongeze sucha. Kila nilipozidi kudhoofika niliongeza mboga na turungi, kwa sababu ndizo zilizoniponya, na mimi nikifanya nafanya.

Siku ya bonasi ilipofika, watu walijaa tena, maana hata uvumi unapumzika siku ya bonasi. Niliamua nitakula. Kipande kimoja, meza ya Mwalimu Sigei, mbele ya wote, halafu uvumi ufe. Nilivaa shati jeupe. Miguuni nilivaa makubazi ya raba kwa sababu gambuti nilikuwa nimezichoka. Nikasimama kando ya jiko nikimsubiri Odhiambo amalize mbavu za ile meza, yeye akikokota makaa kwa chuma huku na huku, moshi ukitutoa machozi, watu wakizungumza kwa sauti, bomba likidondoka. Ndipo nikasikia harufu.

"Nani anaunguza nyama?" nikapaza sauti. Bucha yangu haijawahi kuunguza nyama. "Odhiambo! Unaniunguzia siku ya bonasi?"

Odhiambo alinusa. Akaangalia wavu, akageuza ubavu, akaangalia chini. Uso wake ukabadilika.

"Mdosi," akasema polepole, "ni wewe."

Kaa lilikuwa limeangukia ndani ya kubazi, limekaa kati ya raba na mguu wangu, raba inaiva na mimi pia. Nilikuwa nalitazama na sisikii kitu. Ni kama ulikuwa mguu wa mtu mwingine, mtu niliyekuwa nikimwonea huruma kidogo. Odhiambo alipiga magoti akalitoa kwa vidole vyake, bila koleo, akalitupa, akanibeba mpaka benchi. Watu wote walikuwa wamesimama. Mama Faith alikuja mbio kutoka kaunta, na kwa hofu akasema kile ambacho nyumba nzima ilikuwa imeapa kutosema.

"Nilimwambia! Huyu mtu hajala nyama tangu Januari! Anakula majani kama mbuzi na hasikii!"

Bomba likaendelea.

"Jino je?" dereva wa lori akauliza.

"Hakuna jino!"

Mwalimu Sigei akanikaribia, mikono nyuma, kama vile niko darasani na sijafanya hesabu. "Daktari ndiye alikuambia uache?"

"Ndiye."

"Ati itakuua?"

"Alisema presha. Na gauti."

"Sasa, Langat," akasema, na hakuwa na kejeli, hicho ndicho kilichoniuma. "Kama inakuua wewe, mbona unatuuzia sisi?"

Mimi nimejibu machifu, nimejibu watu wa leseni, nimejibu benki mpaka meneja akanifungulia mlango mwenyewe. Hapo nilitazama mguu wangu, na mpaka leo sijapata jibu ambalo ningelisema mbele ya yule mzee bila kuangalia pembeni.

Ni Odhiambo aliyejibu. "Mwalimu, mwenye baa akiacha pombe, wewe unahama baa?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wengine.

"Hujajibu swali," Mwalimu akasema.

"Nimejibu. Wewe ndio hujapenda." Akaenda wavuni, akaleta zile mbavu, akazikata mbele ya Mwalimu, akachukua kipande cha kwanza, kikubwa, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeungua. "Mimi ndio mdomo wa Langat," akasema akitafuna. "Umewahi kuniona nikikonda?"

Kule kliniki, Daktari Moraa aliposhika mguu wangu alinigusa kwa sindano huku na huku akiniuliza nasikia wapi. Nilidanganya sehemu mbili, akanigundua. Alidhani ni sukari, akapima, haikuwa. Ndipo akavuta kiti.

"Niambie unakula nini. Kila kitu."

Nikamwambia kwa kujivuna kidogo, maana bado nilidhani hapo ndipo niliposhinda. Isagek, sucha, maharagwe, ndengu.

"Mayai?"

"Hapana."

"Samaki?"

"Hiyo ni ya Odhiambo na watu wa ziwani."

"Maziwa lakini unakunywa."

"Miaka ishirini, bilauri moja tu, na ilinishinda."

Aliweka kalamu chini. "Mzee, wewe si Mkipsigis?"

"Kabisa."

"Na hunywi maziwa? Hata mursik?"

Nikamweleza habari ya kogo. Nikamweleza siku ya nyama na siku ya maziwa. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akajifunika uso kwa mikono, na sikujua kama anacheka au anachoka. "Sikuuliza," akasema. "Nilikuambia upunguze nyama, na wagonjwa wangu wote wa hapa wana kibuyu nyumbani. Sikuwaza kuuliza."

Akanieleza polepole, na nimelikumbuka kwa sababu ni somo pekee nililolipia kwa mguu. Kuna vitamini inaitwa B12, mishipa ya fahamu haiwezi kuishi bila hiyo, na damu pia. Iko kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa. Kwenye mboga na maharagwe haimo, hata ule gunia. Mwili huwa unajiwekea akiba, na mwaka mmoja peke yake kwa kawaida haungeimaliza, lakini zile tembe zangu za asidi zilikuwa zimezuia akiba isijae kwa miaka, kwa hiyo nilianza mwaka nikiwa tayari na ghala tupu. Damu pia ilikosa chuma. Chuma kiko kwenye mboga na maharagwe, akasema, lakini turungi kali pamoja na chakula inakizuia kisiingie mwilini. "Kunywa chai yako baadaye, chakula kikishatulia. Si juu ya maharagwe."

"Kwa hiyo mboga ndizo zimeniharibu," nikasema.

"Hapana. Mboga zimekushushia presha na kidole kimepona, hilo ni la kweli. Kuna watu hawali nyama maisha yao yote na wako sawa kuliko wewe na mimi. Lakini wanajua nyama ingewaletea nini, na wanakitafuta kwingine. Wewe uliondoa na hukuweka kitu."

Alinichoma sindano za B12, nyingi mwanzo, halafu moja moja. Mayai nikaanza. Na Jumapili moja baada ya kanisa, bucha imefungwa, mikono yangu haijagusa nyama tangu jana yake, Mama Faith alitungua kibuyu ukutani, akakitikisa karibu na sikio, akanimiminia. Mursik ilikuwa na vijidoa vyeusi vya mkaa, chachu, nzito, na tumbo ambalo lilikataa maziwa mabichi liliipokea hiyo bila neno. Alikaa mbele yangu, mikono juu ya meza, mpaka nikamaliza. Tangu hapo nina siku za maziwa na siku za nyama, za maziwa zikiwa nyingi, na nyama nakula kidogo, na kogo hawezi kulalamika. Nguvu zilirudi, ulimi ukapona, mguu ukarudi karibu wote. Vidole viwili vya kushoto havikurudi. Nikivaa soksi lazima niangalie kama vimeingia.

Bucha haikufa. Ilipoteza watu, ikapata wengine. Odhiambo alinishauri tuweke sufuria la maharagwe na isagek pembeni ya jiko, na liko mpaka leo, ingawa ukweli ni kwamba wanaolinunua wengi ni wenye meno mabovu na wenye barua za daktari. Kipande cha kwanza aliendelea kukila yeye. Sikumwambia aache, hakuuliza. Ikawa ndiyo kazi yake, na watu wakasahau kwamba iliwahi kuwa yangu.

Nilienda kumzika. Nilimkuta mkewe, Akinyi, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, wanawake wamemzunguka, spika zikipiga nyimbo za kanisa kwa nguvu mpaka kiti kinatetemeka. Nilimpa mkono.

"Wewe ndiye Langat wa nyama?"

"Ndiye, shemeji. Pole sana."

"Alianguka pale uani," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Upande mmoja ukakataa. Presha. Alikataa kupimwa mpaka mwisho." Halafu akatabasamu kwa uchovu. "Alikuwa anakutaja kila siku. Alikuwa anasema, 'Huko Kaplong nilikula nyama ya watu wawili kwa mshahara wa mtu mmoja.' Anacheka mpaka anakohoa."

Wanawake wakacheka, naye akacheka pamoja nao, machozi yakimtoka. Mimi nilisimama nikishika kofia. Hakuna daktari anayeweza kuniambia ni kipande kipi. Labda si chochote kati ya vile, labda ni chumvi, labda ni baba yake na babu yake, mtu mkubwa vile huwezi kujua. Nimejiambia hivyo toka Kaplong mpaka huko na nikajiambia tena njiani nikirudi. Waliniketisha meza ya wageni, wakaniletea sahani, sukuma upande mmoja na nyama upande wa pili, na vijana wawili waliokuwa wakinihudumia wakasimama, wakisubiri mgeni aanze. Ilikuwa nyama niliyoileta mwenyewe. Nikachukua kipande cha kwanza kwa vidole viwili, nikakila mbele ya watu.

Hesabu ninayoweza kuifanya ni hii: fahali wa mazishi nilimchagua kule Soin, nikimwangalia akitembea, shilingi elfu sabini na nane. Lori la kumpeleka mpaka kwa Odhiambo, elfu sita. Kamba mpya, kwa sababu sikutaka aingie pale na kamba ya bucha, mia tatu na hamsini. Jumla ni shilingi elfu themanini na nne, mia tatu na hamsini.